Kikao cha Kumrudisha Lamar Buchanan Ili Azomewe

CHAMA CHA MASHABIKI WA KONA YA NNE
UWANJA WA MBIO ZA MAGARI WA CUTLER GAP, NORTH CAROLINA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA SIKU YA JUMANNE, TAREHE 11 FEBRUARI 2014, KATIKA UKUMBI WA KIKOSI CHA ZIMAMOTO CHA KUJITOLEA, KUANZIA SAA 12:30 JIONI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Vernon Stamey – Mwenyekiti
2. Bi. Arlene Stamey – Makamu Mwenyekiti (mke wa Na. 1)
3. Bw. Clyde Honeycutt – Mweka Hazina
4. Bi. Tammy Shook – Mjumbe, na mkata tiketi wa uwanja
5. Bw. Garland Teague – Katibu
6. Wajumbe wa kawaida, safu tatu za viti, wengi wao wakiwa wamefuata chakula

WALIOKOSEKANA KWA UDHURU
Bw. Dewey Pruett, ambaye amekwenda Florida kutazama mbio za wakubwa. Udhuru umepokelewa kwa wivu.

WALIOKOSEKANA BILA UDHURU
Vijana wote.

MGENI
Bw. Lamar Buchanan, dereva wa gari la rangi ya machungwa namba 61. Namna alivyoalikwa imeelezwa katika KUMB. NA. 5.

KUMB. NA. 1/2/2014: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kunong'ona. Kwa faida ya watakaosoma kumbukumbu hizi baadaye, Mwenyekiti alifanyiwa upasuaji wa koo mwezi Machi mwaka jana, na tangu hapo sauti yake haizidi ya mtu anayesema siri kanisani. Utaratibu uliopo ni kwamba yeye hunong'ona na mkewe, ambaye ndiye Makamu, hurudia kwa sauti. Utaratibu huu unakwenda vizuri isipokuwa pale Makamu anapokuwa haafiki kinachosemwa.

Bw. Honeycutt aliongoza sala. Aliombea hali ya hewa ya Aprili, akaombea matairi ya wote, akaombea maadui, "hata wale wanaoendesha Chevrolet, maana hawajui walitendalo." Wajumbe wenye Chevrolet, ambao ni nusu ya ukumbi na huwa wamekaa upande wao, mbali na wale wa Ford, kama ndugu wa bibi harusi na wa bwana harusi, waliitikia amina kwa kuchelewa.

KUMB. NA. 2/2/2014: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Bi. Shook alieleza kwamba kumbukumbu za Novemba zilikuwa ndefu kuliko kikao chenyewe, na kwamba ndani yake mna maoni ya Katibu mengi kuliko ya wajumbe. Alisema, "Sisi tulikaa saa moja na nusu. Yeye ameandika kama tulikaa kwaresima nzima."

Katibu alijitetea kwamba yeye huandika anachokiona. Bw. Honeycutt alisema tatizo ndilo hilo hasa. Baada ya mjadala iliamuliwa kwamba tangu sasa Katibu aandike maneno kama yalivyotoka midomoni mwa wasemaji, kwa kuwa kila baada ya kikao wajumbe hukana walichosema na kumtupia lawama Katibu. Katibu alilipokea agizo hilo kwa mikono miwili na kuwaomba wajumbe wasije wakalia.

KUMB. NA. 3/2/2014: YATOKANAYO – BASI LA CHAMA

Mweka Hazina alitoa taarifa kwamba basi la chama, ambalo zamani lilikuwa la shule na sasa lina jukwaa la mbao juu ya paa, bado haliwaki. Taarifa hii imekuwa ikitolewa kwa maneno hayo hayo kila kikao. Panya wamekula nyaya, na anayefahamu nyaya hasemezani na anayefahamu pampu.

Ilibainika kwamba chama kina watu wengi wanaoweza, wakiwa jukwaani na mkate wenye soseji mkononi, kutambua kwa kusikia tu kwamba gari la mtu mwingine lina vali mbovu. Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyeweza kuwasha gari letu. Mwezi Septemba basi lilikokotwa hadi uwanjani na Toyota ya mchungaji. Wajumbe waliomba habari hiyo ya Toyota isiandikwe. Katibu aliwakumbusha agizo lao wenyewe.

KUMB. NA. 4/2/2014: HALI YA UWANJA NA MUSTAKABALI WA MCHEZO

Bi. Shook alieleza kwamba mwenye uwanja, Bi. Maxine Crowder, amepata watu wanaotaka kununua eneo lote ili wajenge maghala ya kukodisha, yale ambayo watu huweka vitu wasivyovihitaji. Bi. Crowder ametoa muda hadi Ijumaa hii. Ikifika Ijumaa bila sababu ya kufungua msimu, atauza, na mbio za Aprili hazitakuwepo, wala za Aprili nyingine yoyote.

Wajumbe waliulizwa wanaonaje kuhusu kinachoua mchezo huu. Mmoja alilaumu simu. Mwingine alilaumu mfumo wa kuhesabu pointi, ambao alisema hata waliouweka hawauelewi. Mwingine alilaumu magari, kwamba zamani gari la mbio lilifanana na la jirani yako na ukajua unayemshabikia, lakini siku hizi yote yanafanana na sabuni iliyotumika. Wajumbe kadhaa walilaumu televisheni kwa ukali, kisha wakauliza kama kikao kitaisha kabla ya saa mbili, maana kuna marudio ya mbio humo.

Mjumbe mmoja aliyesoma gazeti alisema wakati ujao ni wa magari ya umeme, ambayo hayana kelele. Wajumbe walivua kofia kama watu waliopewa habari za tanzia. Bw. Honeycutt aliuliza, "Gari lisilo na kelele unalishabikiaje? Utajuaje hata kama limepita?" Iliamuliwa kwamba umeme uachiwe majokofu.

Ndipo Bi. Shook akasema hivi, na Katibu anamnukuu: "Jamani, mimi ndiye niko kwenye dirisha la tiketi. Tangu Agosti, Lamar Buchanan alipoacha kuendesha, mtu anafika na gari lake, anateremsha kioo, ananiuliza, 'Lamar yumo leo?' Nikimwambia hayumo, anageuza. Wala haulizi nani mwingine yumo. Watu hawaji kumwona wanayempenda. Wanakuja kumwona yule wasiyempenda akishindwa."

Bw. Honeycutt: "Na akishinda?"

Bi. Shook: "Akishinda ndiyo wanarudi wiki inayofuata na shemeji zao. Hasira ndiyo inajaza viti, Mzee Clyde, si mapenzi."

Alieleza kwamba Bi. Crowder amesema wazi: Lamar Buchanan akitia saini kuendesha mbio za ufunguzi, uwanja unafunguliwa. Asipotia, unauzwa.

Kulikuwa na manung'uniko. Katibu anaeleza kwa wasiomfahamu kwamba Bw. Buchanan ndiye dereva aliyeshinda mara nyingi kuliko wote Cutler Gap, na kwamba chama hiki, kwa kiasi kikubwa, kimeishi kwa kumchukia. Kanuni ya sita ya katiba yetu, iliyopitishwa mwaka 2002, inasema mwanachama hatamshangilia, hatampongeza wala hatakula meza moja na dereva wa gari namba 61. Kanuni ya kwanza hadi ya tano hakuna anayezikumbuka.

KUMB. NA. 5/2/2014: HOJA YA MWENYEKITI YA KUVUNJA CHAMA

Mwenyekiti alinong'ona kwa muda. Makamu alirudia kwamba Mwenyekiti anatoa hoja chama kivunjwe, karanga zilizobaki zigawanywe, na basi la chama waachiwe panya.

Mwenyekiti alinong'ona kwamba Makamu anamlisha maneno, kwamba yeye hakusema chochote kuhusu panya. Hilo Makamu hakulirudia, lakini Katibu amekaa karibu.

Alipoulizwa sababu, Mwenyekiti alieleza, kwa kinywa cha Makamu: "Anasema alirudi kutoka hospitali akakaa pale mbele msimu mzima. Anasema alitazama nyuso zenu. Lamar alipita, mkakaa. Lamar alimsukuma mtoto wa watu, mkakaa. Lamar alishinda, mkakunja mikono. Anasema zamani mngesikika mpaka ng'ambo ya mlima. Anasema mchezo haujauawa na simu wala nini. Umekufa kwa sababu ninyi hamna moyo tena, na ni heri maghala."

Wajumbe wengi waliona jambo la kutazama kwenye viatu vyao. Mweka Hazina alikunywa chai baridi hadi barafu, akaendelea kunywa bilauri tupu.

Kabla hoja haijapigiwa kura, Bi. Shook aliomba radhi na kusema kwamba alimwalika Bw. Buchanan bila idhini ya kikao, na kwamba amekaa nje kwenye gari lake tangu wakati wa sala akisubiri kuitwa. Bw. Honeycutt alisema huo ni uhaini. Bi. Shook alisema, "Basi nenda nje ukamfukuze wewe." Bw. Honeycutt alisema hajavaa koti.

Iliamuliwa kwamba Kanuni ya sita isimamishwe kwa jioni moja. Waliokubali walikuwa wengi. Waliokataa walikataa kwa kuguna tu, na katiba haitambui miguno.

KUMB. NA. 6/2/2014: MGENI

Bw. Buchanan aliingia akiwa ameshika bakuli la pudini ya ndizi iliyopikwa na mkewe. Alisimama mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha, si kwa ubaya, bali kwa sababu hakuna aliyejua inavyofanyika. Tumezoea kumwona kwa mbali, akiwa ndani ya kofia ngumu, mdogo kama kidole, akikimbia. Ukumbini alionekana mtu wa makamo, mfupi, miwani ya kusomea ikining'inia shingoni. Katibu alitarajia mtu mkubwa zaidi, na anadhani hakuwa peke yake.

"Habari za jioni," alisema. "Hii niiweke wapi?"

Bi. Shook alimwonyesha meza. Bakuli liliwekwa kati ya sandwichi na karanga za kuchemsha, na halikuguswa.

Mwenyekiti alinong'ona. Makamu alisema, "Anasema karibu, ukae." Mwenyekiti alinong'ona tena, kwa urefu zaidi. Makamu alisema, "Hapana, Vernon, hilo silirudii. Mgeni ni mgeni."

Bw. Buchanan aligeuka kwa mshangao. "Bwana Vernon, sauti imekwenda wapi?"

"Imekatwa," Makamu alijibu mwenyewe. "Machi mwaka jana. Kulikuwa na uvimbe."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hatusemezani nawe."

Bw. Honeycutt alisimama kwa hoja ya utaratibu. Alisema kabla ya jambo lolote, lile la mwaka 2002 lizungumzwe. Kwa wasiolijua: katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Septemba mwaka ule, kijana wa Mwenyekiti, Keith Stamey, alikuwa anaongoza. Gari la Bw. Buchanan lilimkuta katika kona ya nne, mbele ya viti vyetu kabisa. Keith alikwenda ukutani. Bw. Buchanan alikwenda kuchukua kombe.

"Nilimgusa," alisema Bw. Buchanan. "Sikumgonga. Kona ile inateleza, na yeye alibana."

"Ulimgonga," alisema Bw. Honeycutt.

Upande wa Ford ulisema alimgonga. Upande wa Chevrolet ulisema alimgusa tu, naye akaumia mwenyewe. Mjadala huu umekuwa ukifanyika kila mwaka na Katibu hakuona sababu ya kuuandika upya. Uliendelea hadi Makamu alipopiga meza kwa kijiko.

"Keith yuko Knoxville," alisema Makamu. "Anauza bima. Ana nyumba, ana mke, ana meno yake yote mdomoni. Usiku ule nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa ajili ya Lamar Buchanan, kwamba amemtoa mwanangu kwenye lile gari akiwa mzima. Na Jumamosi iliyofuata nikaja kumzomea kama kawaida. Sasa naomba tuendelee."

Mwenyekiti alimgeukia mkewe. Alichonong'ona hakikurudiwa, na safari hii Katibu alitazama pembeni.

Bi. Shook alimwuliza mgeni kwa nini aliacha kuendesha katikati ya msimu, wakati gari ni zima na alikuwa ametoka kushinda.

"Niseme ukweli?"

"Umeitwa kwa hilo."

Bw. Buchanan alivua kofia yake, akaizungusha mikononi. Maneno yake yalikuwa haya:

"Kabla ya mbio wanatuzungusha polepole, tunatajwa majina. Miaka yote ile, nikifika kona ya nne, kuna sauti moja inaanza. Moja tu, nzito, kama dume la ng'ombe limefungiwa zizini. Halafu ninyi nyote mnaifuata. Nilikuwa naisikia juu ya injini zote. Nikirudi nyumbani mke wangu anauliza, 'Vipi leo?' Simwambii nimekuwa wa ngapi. Namwambia, 'Leo wamenizomea vizuri.' Anafurahi, tunakula. Mwaka jana nikafika kona ya nne, kimya. Nikasema labda wamechelewa kufika. Wiki ya pili, kimya. Nikawafanyia kusudi, nikamtoa mtoto wa watu barabarani mbele ya macho yenu. Kimya. Julai nikashinda, nikapanda juu ya paa la gari, nikawapungia kofia kwa dharau yangu yote. Mmekaa mikono mapajani mnanitazama kama watoto wa shule ya Jumapili. Nikaona basi, nimekwisha. Mtu asiyechukiwa hata na Kona ya Nne anaendesha kwa ajili ya nani?"

Mwenyekiti alinong'ona polepole. Makamu alirudia: "Anasema, hata yeye ndivyo alivyoona."

Hatimaye Mweka Hazina aliweka bilauri chini.

"Jamani, mimi siwezi," alisema. "Bwana Vernon, ulipokuwa hospitali tulikutana hapa hapa. Tukasema, huyu mzee ndiye anayeanzisha siku zote. Atarudi, atakaa pale mbele, hataweza kuanzisha, halafu atusikie sisi tunazomea bila yeye? Itakuwa kama tumemzika na bado anatutazama. Tukaapa kwamba mpaka sauti yako irudi, hakuna atakayezomea. Ilikuwa heshima. Tulidhani ni heshima."

Bw. Buchanan aliuliza, "Na watu wa kona nyingine? Wao walinyamazishwa na nani?"

"Tuliwazungukia safu kwa safu tukawaomba. Wabishi tuliwapa sandwichi."

Bi. Shook, ambaye hakuwapo katika kikao hicho, kilichofanyika Aprili, kwa sababu alikuwa dirishani akikata tiketi, aliweka mikono kichwani. "Kwa hiyo uwanja unauzwa kwa sababu ya adabu yenu."

Katibu anaona ni haki ieleweke kwamba azimio lile lilipitishwa bila kupingwa, naye akiwa miongoni mwa waliolipitisha, na kwamba Bw. Honeycutt alilihitimisha kwa methali, kimya kingi kina mshindo mkuu. Tuliusubiri ule mshindo msimu mzima. Ulipokuja, ulikuja na mchoro wa maghala.

Mwenyekiti alimtazama Makamu. Hapa hakukuwa na haja ya kurudiwa, kila mtu alisoma midomo yake: "Ulijua?"

"Nilijua," alisema Makamu. "Sandwichi nilizitengeneza mimi."

Mwenyekiti alinong'ona akitazama meza. Makamu alifungua kinywa kurudia, akashindwa, akafunga. Wajumbe wa nyuma walianza kuuliza amesema nini. Kwa kuwa Katibu aliyasikia na aliagizwa kuandika maneno kama yalivyo, aliyasoma kwa sauti: "Nilikaa pale nikadhani mchezo umekufa. Nikadhani ni mimi tu niliyebaki namchukia huyu. Nilikuwa mpweke sana."

"Mimi pia," alisema Bw. Buchanan.

Mwenyekiti aliondoa hoja yake ya kuvunja chama. Bw. Honeycutt alitaka kumkumbatia akazuiwa kwa mkono.

KUMB. NA. 7/2/2014: SHARTI LA BW. BUCHANAN

Bi. Shook alitoa mkobani fomu ya mbio za ufunguzi, akaiweka mbele ya mgeni pamoja na kalamu. Aliuliza kama sasa yuko tayari.

Bw. Buchanan alieleza kwamba yuko tayari kwa sharti moja, kwamba azomewe. Bw. Honeycutt alimhakikishia kwa niaba ya chama kwamba atazomewa kwa deni la mwaka mzima. Wajumbe walishangilia ahadi hiyo, upande wa Chevrolet ukiwamo.

Mgeni alisema hajamaliza. "Nataka ianze na yeye. Kama zamani. Wengine mfuate."

Makamu alisema hilo haliwezekani, daktari amekataza kabisa kupaza sauti, na hata kama asingekataza, sauti yenyewe haipo. Alisema, "Lamar, anachoweza ni hiki unachokisikia hapa."

"Basi nisikie hicho hicho."

Mwenyekiti alisimama. Makamu alimshika mkono wa shati, kisha akauachia. Mwenyekiti alizunguka meza hadi mbele ya mgeni, akaweka viganja viwili kinywani kama tulivyomwona akifanya maisha yetu yote, akavuta pumzi, akazomea.

Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya tairi linalovuja. Aliye safu ya pili hakuisikia. Mwenyekiti hakuikatisha, aliivuta hadi mwisho wa pumzi, uso ukawa mwekundu, na hakuna mjumbe aliyecheka, jambo ambalo katika chama hiki halijapata kutokea. Katibu alishindwa kuandika kwa muda kwa sababu ya macho.

Bw. Buchanan alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Ilipokwisha alivaa kofia, akaivua tena kwa dharau, akampungia Mwenyekiti usoni, kama anavyofanya akiwa juu ya paa la gari.

Hapo Makamu akawa wa kwanza kufuata, na ukumbi mzima baada yake. Wajumbe walisimama juu ya viti. Zimamoto waliokuwa zamu walikuja mbio kutoka chumba cha pili wakiwa wamevaa nusu ya sare. Walipoelezwa kwamba ni Lamar Buchanan anazomewa, nao walizomea, kisha wakarudi kazini.

Utulivu uliporejea, Bw. Honeycutt aliuliza swali ambalo Katibu anakiri lilikuwa la maana. Aliuliza, usiku wa ufunguzi, magari yote yakiwa yananguruma, nani atasikia sauti kama ile? Na wajumbe watajuaje imekwisha ili wafuate?

Wajumbe walitoa mapendekezo. Mmoja alipendekeza kipaza sauti, na Mwenyekiti akatikisa kichwa. Mwingine alipendekeza Makamu arudie kwa sauti. Makamu alisema, "Mengine yote nitayarudia. Hilo ni lake."

Bw. Buchanan alisema halina ugumu. Wakati wa kutajwa majina, atakapofika kona ya nne, atasimamisha gari mbele ya kiti cha Bw. Stamey na kuzima injini. Walio nyuma yake itawabidi wasimame pia, wapende wasipende, nao watazima ili injini zisichemke. Alisema, "Nitateremsha wavu wa dirishani na nitasikiliza mpaka amalize. Mbio zitasubiri."

Bi. Shook alisema waamuzi watamtoza faini. Bw. Buchanan alisema wamtoze.

Bw. Honeycutt alionya kwamba lile ni Chevrolet, na likishazimwa hakuna mwenye hakika kama litawaka tena.

"Likikataa kuwaka," alisema Bw. Buchanan, "mtanisukuma?"

Mwenyekiti alinong'ona jibu bila kufikiri. Makamu alilirudia neno kwa neno, na safari hii Katibu anashuhudia kwamba hakuongeza lake:

"Anasema tutakusukuma. Mpaka ukutani."

Bw. Buchanan alitia saini.

KUMB. NA. 8/2/2014: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa 2:20 usiku, marudio yakiwa yameshawapita.

……………………………
Vernon Stamey
MWENYEKITI

……………………………
Garland Teague
KATIBU